Siku Tatu Bila Maji Kabla ya Fainali

"Mama Angèle, hii équipe yako siku ikishinda, weye utapata nini?"

Swali hilo aliliuliza jirani yake Nyiramahirwe, miaka mingi nyuma, akiwa ameegemea ukuta wa mawe ya volkeno uliogawa nyua zao pale mtaa wa Mabanga, huku Mama Angèle akianika maillot za kijani, jezi za wachezaji, juu ya ukuta uleule. Hakuuliza kwa ubaya. Nyiramahirwe alizaliwa milima ya Masisi, mtu wa ng'ombe, na kwake kitu kinachokula nguvu zako lazima siku moja kitoe maziwa. Mama Angèle aliguna, akakamua maillot ya mwisho.

"Nitapata kupumua," akajibu.

Basi hakupumua. Ngurumo, timu ya institut ya kilimo iliyoko barabara ya Sake, iliingia kombe la vyuo vya mji mwaka baada ya mwaka, na mwaka baada ya mwaka ikarudi mikono mitupu. Fainali nne ilizifikia, fainali nne ikazipoteza. Moja kwa penalti. Moja kwa mvua. Moja kwa sababu kipa alikuwa na mtihani siku hiyo na mwalimu alikataa kumsubiri. Na ile ya nne hakuna anayejua mpaka leo ni kwa sababu gani. Vijana walisimama tu uwanjani kama watu waliosahau walichotumwa sokoni.

Mumewe, marehemu Julien, ndiye aliyekuwa mtunza vifaa wa timu. Alipofariki, institut haikutuma mtu kuchukua ule mfuko wa maillot, wala Mama Angèle hakuurudisha. Jumatatu ikafika, akafua. Jumatatu nyingine ikafika, akafua. Wanafunzi walikuja, wakasoma, wakapata diplome, wakaenda zao. Yeye akabaki na beseni. Kila asubuhi alikuwa kwenye misa ya kwanza, Ijumaa alifunga, Jumanne alikuwa na wenzake wa Légion de Marie, na siku ya mchezo alikaa kwenye kigoda chake nyuma ya goli, kitenge mabegani, rozari mfukoni. Lakini hata siku moja hakuomba Ngurumo ishinde. "Wale wengine nao wana mama zao wanaoomba," alikuwa akisema. "Munataka Mungu apasuke katikati?" Aliomba tu mguu wa mtoto wa mtu usivunjike. Kushinda aliwaachia wenye miguu.

Na kufua kulimfundisha. Mtu aliyefua nguo za wachezaji zaidi ya miaka kumi humwambii nani alikimbia na nani alijificha. Maillot ya aliyekimbia inarudi na chumvi nyeupe mgongoni, kola imeshikamana, na vumbi jeusi la uwanja limeingia mpaka kwenye mshono wa kwapa. Ya aliyejificha inarudi safi, kama ya mtoto anayekwenda komunyo ya kwanza. Mama Angèle hakuwa mtu wa kelele. Alingoja tu Jumamosi, akampa kijana maillot yake na kumwambia taratibu, "Mwanangu, yako niliikunja tu, haikuwa na kazi." Wenzake walicheka mpaka wakaketi chini, na siku hiyo huyo kijana alikimbia.

Makocha aliwaona wa kila aina. Muzee Munyakazi, aliyetukana mpaka ndege wakahama. Mwingine aliyechora mishale kwenye ubao hadi vijana wakasinzia. Mwingine aliyeondoka kwenda Kampala na filimbi ya timu. Kwa hiyo vita viliposimamisha mashindano, kisha mashindano yakarudi, na institut ikaleta kocha mpya jina lake Jephté, mtu wa Beni, mwembamba, mwenye sauti ya mhubiri, Mama Angèle alimsalimu tu. Alingoja maillot.

Wiki ya kwanza Jephté aliwaamsha vijana saa kumi na moja ya asubuhi, akawakimbiza mpaka ziwa dogo la Lac Vert na kurudi. Mama Angèle alisikia habari hiyo, akaenda mwenyewe kusimama kando ya barabara kuhakikisha. Aliwaona wakipita, baridi ikifanya pumzi zao zitoke kama moshi wa jiko, kocha mwenyewe yuko nyuma anamsukuma kipa. Baada ya mchezo wa kwanza, maji ya beseni yaligeuka kama chai isiyo na maziwa. Alibadilisha maji mara tatu. Mchezo wa pili, mara nne. Wa tatu, mikono ilimuuma mpaka usiku, naye akafurahi kama aliyepata mjukuu.

"Nyiramahirwe!" aliita juu ya ukuta. "Huyu njo kocha wa kweli!"

"Ulisema vile hata kwa yule wa Kampala."

"Yule sikufua maillot zake bado. Huyu nimefua."

Na akaanza kutumaini. Tumaini ni kama kuku wa jirani: ukimtupia punje moja leo, kesho unamkuta jikoni. Akaanza kuwaza kombe. Akaanza kuwaza lingekaa wapi, na kwamba siku moja tu lingepita kwake, alipeleke kaburini kwa Julien, kisha alirudishe institut.

Halafu ukaja mchezo wa nne.

Asubuhi yake Jephté aliwaambia vijana wafunge mpaka saa ya mchezo, waombe. Si jambo la ajabu. Mjini kwetu watu wanafunga kabla ya mtihani wa taifa, kabla ya safari, kabla ya kwenda kuomba mchumba. Ngurumo ikashinda goli moja kwa sifuri. Goli lenyewe beki wa wale wengine aliteleza juu ya jiwe, akautia mpira kwenye nyavu zake mwenyewe. Jephté akapiga magoti. "Mumeona?" akawauliza vijana, machozi yakimtoka. "Mumeona?"

Wote waliona. Mama Angèle naye aliona: aliona jiwe.

Kuanzia hapo mambo yakapinda. Nusu fainali walifunga siku mbili. Mbio za Lac Vert zikaisha. Asubuhi sasa ilikuwa nyimbo na maombi katika darasa la nne. Wakashinda tena, kwa penalti, baada ya wale wengine kupiga zao kama watu wanaofukuza mbuzi. Mji mzima wa wanafunzi ukasema Ngurumo ina kocha wa upako. Na Mama Angèle akafungua mfuko wa maillot, akaingiza mkono, akautoa, akakaa kwenye kigoda. Zilikuwa kavu.

Alipopata habari kwamba kabla ya fainali watafunga siku tatu, bila chakula na bila tone la maji, hakungoja. Alitoka misa, akachukua maillot namba nane, ya nahodha, akaenda institut moja kwa moja.

Jephté alikuwa kwenye kiofisi cha michezo, anaandika mistari ya maombi kwenye karatasi.

"Mama wa Ngurumo! Ingia, ingia mama. Bwana asifiwe."

"Milele. Kocha, ni kweli batoto batafunga siku tatu?"

"Kavu, mama."

"Hata maji?"

"Kavu ni kavu, mama."

Mama Angèle aliweka maillot juu ya karatasi zake. "Kamata."

Jephté aliishika. "Umefua vizuri."

"Sijafua. Ni ya nusu fainali, ya Darius. Sijaigusisha maji. Nusa."

Kocha alimtazama kama anayetafuta mzaha uko wapi, kisha akanusa. "Haina harufu."

"Njo shida! Capitaine alicheza dakika tisini, akaongeza na penalti, na maillot yake haina harufu. Kocha, hawa batoto hawakimbie. Hawana hata jasho ya kutoa. Kabla hujaanza hii mambo nilikuwa nabadilisha maji mara nne."

"Lakini tulishinda, mama."

"Tulishinda juu wale walikuwa wabaya kutupita!"

Jephté alicheka, akamvutia kiti. Hakuwa mtu mbaya, hilo ndilo lililomchosha Mama Angèle zaidi. Mtu mbaya ungemfokea ukaondoka na moyo mwepesi.

"Mama, weye mutu wa rozari, mutu wa misa ya kila siku, njo unapinga maombi?"

"Sipingi maombi. Mimi mwenyewe Ijumaa nafunga. Lakini siku ninayofunga sipandishi bidon ya maji kutoka ziwani. Nakaa chini, naomba, nanyamaza. Weye unataka mutu afunge na apandishe bidon."

"Imani inahamisha mulima."

"Nabii alipochoka kule jangwani, malaika alimuletea nini? Programme ya kufunga? Alimuletea mukate na maji. Tena mara mbili!"

"Yule alikuwa na safari mbele yake."

"Na fainali ni nini? Ni kulala?"

Kocha aliisogeza kalamu kando. Akaikunja ile maillot vizuri, kwa heshima, akamrudishia. "Mama, tangu nimefika, tumepoteza match ngapi?"

"Hakuna."

"Basi."

Neno hilo lilikuwa kama mlango wa chuma. Maana ilikuwa kweli. Hawakuwa wamepoteza hata moja.

Akamtafuta Darius, nahodha. Alimkuta kwenye shamba la mazoezi la institut, anapalilia kabichi na wenzake. Kijana mrefu wa Butembo, mpole, mwaka wa mwisho.

"Darius, weye unasoma mambo ya mimea. Muche wa kabichi, siku tatu bila maji, kwenye jua. Unakuwa namna gani?"

Darius alicheka kwa aibu. "Unalala, mama."

"Basi mwambie kocha."

"Mama, siwezi."

"Juu ya nini?"

Akaegemea jembe lake. "Angalia, mama. Tukikula na tukipoteza, batasema ni Darius alikataa kufunga. Nitabeba ile jina mpaka nizeeke."

"Na mukifunga na mukipoteza?"

"Hapo hakuna mutu atasemwa."

Mama Angèle alipiga makofi ya kukata tamaa, akageuka, akarudi nyumbani kwa miguu akisema peke yake njiani. Chukudu moja, baiskeli ya mbao ya mizigo, iliyobeba magunia ya makaa ilimpita, mwenye kuiendesha akamsikia akasema, "Mama, pole." Alidhani ametoka kilioni.

Siku ya fainali ilikuwa Jumapili. Jua lilitoka kali mapema, uwanja mweusi ukawa kama bamba la jiko. Ngurumo ilikutana na Wajenzi, timu ya wanafunzi wa majengo, vijana wenye shingo nene waliokula ugali wao saa nne bila dhambi yoyote. Mama Angèle alikuwa na thermos kubwa ya uji wa mtama pembeni ya kigoda. Hakumwambia mtu. Aliiweka tu pale, kama vile mtu anavyoacha mlango bila komeo.

Dakika ya kumi na moja Ngurumo ilitia goli. Benny, mdogo wao, wa pembeni kushoto, alipenya kati ya watu wawili akapiga chini. Uwanja ukalipuka, ngoma, filimbi, matawi. Nyiramahirwe, aliyekuja mara ya kwanza maishani mwake, alimshika Mama Angèle bega. "Kumbe ni tamu hivi!"

"Ngoja," Mama Angèle akasema. Alikuwa anatazama mabega. Dakika ya ishirini na tano mabega yalianza kushuka. Dakika ya arobaini beki wa kati alikuwa anatembea, mikono kiunoni, kama mwenye shamba anayekagua maharagi.

Mapumziko, vijana walilala chini kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Midomo ilikuwa myeupe. Jephté alikuwa katikati yao anaimba, macho amefumba, jasho linamtiririka. Mama Angèle alifungua thermos. Harufu ya uji ikatoka. Vichwa kumi na kimoja vikageuka, halafu vichwa kumi vikaangalia kwingine. Benny peke yake alikuja akijifanya anafunga kamba za kiatu nyuma ya kigoda. Mama Angèle alimpa kikombe, akanywa mpaka mwisho bila kupumua, akajipangusa kwa mkono, akarudi.

"Darius," Mama Angèle aliita taratibu. "Kuja, baba."

Darius aliangalia thermos, akamwangalia kocha, akainamisha kichwa katikati ya magoti.

Kipindi cha pili si cha kusimulia sana. Wajenzi walisawazisha, wakaongeza, wakaongeza tena. Benny alikimbia peke yake kule pembeni, akaleta mipira mitatu mizuri katikati, na katikati hapakuwa na mtu wa kuipokea. Kipa alibanwa na misuli akaanguka akiwa hana hata mpira. Dakika ya themanini Darius alikaa chini. Hakuumia, hakusukumwa, alikaa tu, katikati ya uwanja, kama abiria anayengoja gari la Sake. Mwamuzi alimwendea, akamuuliza kitu, Darius akatikisa kichwa. Nyuma ya goli Mama Angèle alisimama, akaketi, akasimama tena. Alitamani kulia, lakini hasira ilikuwa imefika kwanza na kuziba njia. Kombe lilikuwa mezani pale, umbali wa kurusha jiwe. Hawakushindwa na Wajenzi. Walishindwa na kikombe cha maji wasichokunywa.

Matatu kwa moja.

Tangu enzi za Julien ilikuwa desturi ya Ngurumo: baada ya fainali, mmeshinda au mmepoteza, watu wanakula pamoja darasani kabla ya kutawanyika. Julien alisema huwezi kumwacha mtu arudi nyumbani na aibu na tumbo tupu, vyote viwili, achukue kimoja. Mama Angèle alikuwa amepika tangu alfajiri, viazi, maharagi, na samaki wa chumvi wa Vitshumbi aliyetumwa na dada yake. Sufuria mbili zilikuwa kwenye dawati la nyuma, zimefunikwa na majani ya ndizi, sahani zimepangwa. Yeye akaketi kando yake. Vijana wakaingia mmoja mmoja, wakakaa kwenye madawati, hakuna aliyetazama nyuma, lakini pua zao zote zilikuwa huko.

Jephté alisimama mbele, mfuko wake begani.

"Tutakula kesho," akasema. "Leo tunaendelea kufunga. Ya toba."

Mtu mmoja alitoa sauti ndogo, kama mtoto anayeota.

"Nauliza mbele ya Mungu. Kuna mutu alivunja. Tulikuwa tunaongoza mpaka mi-temps, saa ya mapumziko, na kisha mi-temps kila kitu kikabomoka. Ni nani?"

Benny alisimama. "Ni mimi, kocha. Nilikunywa uji."

"Mimi njo nilimupa," Mama Angèle akasema kutoka nyuma.

"Najua, mama. Nilikuwa nakuheshimu, njo maana sikukutaja." Sauti yake ilikuwa ya huzuni ya kweli. "Batoto hawa waliteseka siku tatu. Kikombe kimoja kimebeba jasho yao yote. Naomba uwaombe musamaha, mama. Mbele yao wote, ili tufunge hii mulango ya adui."

Mama Angèle alijifunga kitenge vizuri, akasimama. Alikuwa mtu aliyezoea kuomba msamaha. Kila jioni aliuomba, na aliujua uzito wake.

"Nitaomba," akasema. "Benny, mwanangu, unisamehe. Nilikupa kikombe kimoja, nilipaswa kukupa vitatu. Nyinyi kumi munisamehe. Nilikuwa na thermos imejaa, nikakaa juu ya kigoda kama mugeni, ningewafungua midomo kwa kijiko kama nilivyofungua ya batoto yangu. Niliogopa kocha. Mimi, mutu muzima, mwenye kuzika bwana, niliogopa mutu wa miaka makumi tatu na tano. Kwa ile naomba musamaha kabisa."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia kwa mkono.

"Mama, hiyo ni kiburi," Jephté akasema.

"Kocha, weye ulikula leo?"

Swali lilimkuta bila kinga. "Mimi... mimi niko na gastrite. Docteur alinikataza kukaa bila chakula."

"Docteur alisema kweli," Mama Angèle akasema, akaketi.

Jephté alipangusa uso. Aliangalia madawati, moja baada ya lingine, na yale macho yaliyokuwa yakimfuata mwaka mzima yalikuwa chini, sakafuni. "Sawa," akasema. "Siwezi kufanya kazi na roho mbili ndani ya nyumba moja. Mama anatoka na sufuria zake, ao mimi natoka. Capitaine, sema."

Watu wote wakamgeukia Darius.

Darius alikaa pale muda mrefu, mikono juu ya dawati. Alikuwa bado na vumbi jeusi kwenye suruali, pale alipoketi katikati ya uwanja. Mama Angèle hakumwangalia. Alikuwa amemtazamia mara mbili, kwenye kabichi na kwenye kivuli cha ukuta, na mara zote mbili alirudi mikono mitupu. Ya tatu hakuwa na nguvu nayo.

Dawati likalia. Darius alisimama, akapita katikati ya wenzake mpaka nyuma. Hakumwangalia mama, hakumwangalia mtu. Alifunua jani la ndizi, akachukua sahani, akajipakulia viazi, akaongeza maharagi, akachagua kipande cha samaki, akakiweka juu. Akala palepale amesimama, kwa mkono, mdomo umejaa, machozi yanashuka yakichanganyika na mchuzi.

Benny alikuwa wa pili. Kipa alikuja akichechemea. Kisha madawati yote yalilia kwa pamoja, sahani zikagongana, mtu akasema "taratibu, bwana, kuna watu nyuma," na Mama Angèle akashika mwiko maana wangemwaga.

Jephté alisimama mbele ya ubao akiwatazama migongo. Akaiweka filimbi ya timu mezani, akauvuta mfuko wake begani, akatoka.